Chai ya Karani Mkuu

Karani Mkuu hakutaka wanawake kaunta, na alinieleza hivyo siku ileile aliyoniajiri. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema kwa Kiswahili chetu cha Homa Bay, "Mimi sipendi hii maneno ya mama kukaa dirisha ya pesa. Mama ako na mtoto, mtoto ako na homa, na homa haiombi ruhusa. Lakini Meneja anasema Uhuru imekuja, kila mtu aje. Haya. Umeolewa wapi?"

Nikamjibu kwamba nimeolewa Ukurya, karibu na mpaka wa Tanzania, nikiwa Mkurya mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nimekariri hesabu za riba, na nilitaka sana kuulizwa. Hakuniuliza hata moja. Alitaka kujua baba mkwe wangu anafuga au analima, ng'ombe wake anauza mnada upi, pesa anaweka wapi, na akija mjini huja siku gani. Nilianza kupandwa na hasira. Nikamwuliza kama benki inaniajiri mimi au inamwajiri mzee.

"Nyathina," akasema, ambalo kwa Kijaluo ni mwanangu, "benki inaandika wewe peke yako. Lakini mtu hakuji peke yake."

Huo ndio uliokuwa usaili wangu. Nilitoka pale nikiamini nimenyimwa kazi, kumbe nimepewa.

Benki yetu ilikuwa ya watu binafsi, wenyewe wako ng'ambo. Meneja alikuwa Mzungu mpole aliyependa kuvua samaki kwa ndoana na kuwarudisha ziwani, jambo ambalo wateja wetu wavuvi walilizungumza kwa huruma. Lakini mambo ya watu, nani aajiriwe, nani apewe likizo, nani ahamishwe na nani agombezwe, yote yalikuwa mezani kwa Karani Mkuu. Meza yenyewe ilikuwa nyuma yetu, imeinuliwa juu ya ubao ili atuone visogo. Alivaa koti jeusi la sufu mwaka mzima, katika joto ambalo mbuzi wa mjini walilala chini ya magari. Makarani Wajaluo walimwita Jaduong', kama anavyoitwa mzee wa heshima. Sisi wengine tulimwita Karani Mkuu, hata mbele ya mkewe, na mkewe naye alimwita hivyohivyo.

Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa alitupanga mstari na kutuhubiria. "Ukoo yako acha kwa askari hapo mlangoni. Utachukua saa kumi ukienda nyumbani." Tulitikisa vichwa. Na hakuna mtu aliyebeba koo za watu ndani ya jengo lile kuliko yeye.

Chukua mambo ya matanga. Huku kwetu mtu hazikwi kwa haraka kama anayefukuzwa, na ruhusa za kuzika zilimnyima Karani Mkuu usingizi. Karani mmoja wa Uriri alimzika bibi yake, na msimu uliofuata akaja kuomba ruhusa ya kumzika bibi.

"Huyu ni ule wa kwanza," Karani Mkuu akamwuliza kwa upole wa kutisha, "ama amefufuka akakufa tena?"

Kijana akasema huyu ni wa upande wa mama.

"Na ule mwingine?"

Yule mwingine naye alikuwa wa upande wa mama.

"Basi mimi nitaenda kumuona huyo bibi mwenyewe."

Akapanda baiskeli na koti lake, akaenda kumshika mwongo. Tulimsubiri Jumatatu kama watu wanaosubiri hukumu. Akarudi macho mekundu, sauti imekauka. Bibi alikuwepo, tena amekufa kweli. Alikuwa dada wa yule wa kwanza, na dada wa bibi ni bibi. Yeye mwenyewe, baada ya kuona watu wanalia, alilia. Baada ya kulia akapewa nafasi ya kusema, akamsifu marehemu, mtu ambaye hajapata kumwona, mpaka wajukuu wakauliza huyu mzee alimjua bibi yetu wapi. Tangu hapo sheria yake ikawa kwamba mama ni mmoja, lakini bibi hawana idadi.

Au chukua ripoti za mwaka. Kila mfanyakazi aliandikiwa ripoti ya siri iliyopelekwa Nairobi, na siri maana yake ni kwamba mwenyewe hatakiwi kujua imesema nini. Karani Mkuu aliheshimu sana siri hiyo. Alikuita ofisini, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akakusomea yote kwa sauti. "Hii ni siri," alisema, "usisikie." Palipokuwa na sifa alisoma haraka kama anayeona haya. Penye lawama alisimama, akakutazama, akasoma tena.

Lakini kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa wakwe zetu.

Wajaluo na Wakurya tunatofautiana mengi, ila kwa hili tuko pamoja: mkwe huheshimiwa kwa umbali. Mwanamume hakaribiani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani mmoja wao hupinda kichakani. Na mwanamke wa Kikurya hamsogelei baba mkwe, hampi kitu mkono kwa mkono, wala jina lake halitamki maisha yake yote. Sasa wewe chukua heshima hiyo uitie ndani ya benki, mahali ambapo sheria ilisema keshia amtazame mteja usoni, amwite jina kwa sauti, kisha amtie pesa mkononi.

Kabla sijafika mimi, palikuwa na keshia wa Mfangano, kijana mtanashati wa kupaka nywele mafuta. Siku moja akamwona mama mkwe wake anaingia na pesa za samaki. Kichaka hakuna. Akaingia chini ya kaunta. Mama akafika dirishani, akakuta kiti kitupu, akaweka kitabu chake na pesa. Mkono ukapanda kutoka chini, ukachukua. Muhuri ukasikika, pa! Mkono ukarudisha kitabu. Mama akashukuru, akaondoka akiwasifu Wazungu kwa mashine zao.

Meneja aliuona ule mkono. Karani Mkuu akamweleza kwamba kijana anatafuta kalamu. Kesho yake akaanzisha chai.

Ilikuwa hivi. Kutoka juu ya ubao wake aliuona mlango wa mbele kabla yetu, na wakwe zetu wote aliwajua kwa sura, kazi na siku zao za soko, kwa sababu ya maswali yake ya usaili. Akimwona mkwe wa mtu anapanda ngazi, alikohoa na kusema, "Chai!" Mwenye mkwe alielewa, akainuka, akaingia jikoni nyuma; mwenzake akakalia dirisha lake. Mkwe alihudumiwa na mtu baki, heshima ikabaki mahali pake, na benki haikupoteza mteja. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila ilibidi chai iwepo kweli, isije ikaonekana ni hila, kwa hiyo mpishi alichemsha birika baada ya birika. Siku za soko, ambapo wakwe walishuka kutoka visiwani na kupanda kutoka mpakani, makarani waliingia na kutoka jikoni tangu asubuhi.

Meneja, kwa roho safi kabisa, akaamini kwamba watu wa ziwa hili hawawezi kufanya kazi bila chai. Akawaandikia Nairobi waongeze fungu la chai na sukari. Wakaongeza. Akaandika tena.

Hata uhamisho ulifuata wakwe. Tulikuwa na tawi dogo Migori lililofunguliwa siku za soko tu, na Karani Mkuu alisema kila mara kwamba Migori si adhabu, ingawa kila aliyemkera alijikuta huko. Mtu akioa Migori, alirudishwa Homa Bay. Akioa Homa Bay, alikwenda Migori. Karani mmoja alikuwa na wake watatu kutoka pande tatu, na Karani Mkuu alizunguka na jina lake wiki nzima asijue amweke wapi. "Huyu amemaliza nchi," akalalamika. Mwishowe akamtia chumba cha nyuma cha makaratasi, kisicho hata na tundu, na yule bwana akastarehe kuliko sisi wote.

Na kumbuka, yeye mwenyewe chai haonji. Alikuwa Msabato, mzee wa kanisa, wa wale wasiogusa majani ya chai wala kahawa. Jumamosi benki ilifungua nusu siku, na Mkatoliki mmoja alimshikia zamu; naye akamlipa kwa kumshikia mkesha wa Krismasi na Alhamisi Kuu. Alikunywa maji ya moto yenye limau na kuhubiri kwamba chai huchemsha damu. Kisha anakohoa: "Chai!"

Mimi nilikunywa chai kuliko wote. Baba mkwe wangu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na biashara ilimnyookea miaka ile.

Shida yangu ilikuwa nyingine. Sheria ya benki ilisema mwanamke aliyeolewa ni wa muda. Nilipewa miezi, ikiisha napewa mingine, na siku yoyote ningeambiwa kesho usije. Nyumbani mume wangu, mwalimu, alikuwa ameugua kifua na kuacha kufundisha. Mshahara wangu ndio uliokuwa unga, dawa na karo. Kila miezi ikikaribia kuisha nilikuwa nalala macho wazi. Nilimchukia mwenye sheria ile, na sijaacha.

Aliyepeleka jina langu Nairobi nithibitishwe kazini, kinyume cha desturi yao, ni Karani Mkuu huyohuyo. Nilipokwenda kumshukuru alinikatiza. "Mimi sibadilishi maneno. Mama hafai kaunta. Lakini wewe uko kaunta tayari. Sasa mtu atafanya nini?"

Jibu la Nairobi likawa ni mkaguzi. Alikuja kwa meli kutoka Kisumu, Mzungu mrefu mkavu, na alileta mambo matatu, ambayo Meneja alimweleza Karani Mkuu, na Karani Mkuu akatueleza sisi kwa siri kama kawaida yake. La kwanza, kuamua habari yangu. La pili, kumtazama Karani Mkuu mwenyewe, kwa maana benki ilitaka Mwafrika wa kwanza awe naibu wa meneja, na zamu ilikuwa yake. La tatu, kuchunguza kwa nini tawi la Homa Bay linakunywa chai kuliko makao makuu.

Asubuhi ile mkaguzi alituambia mwenyewe kwamba atakayeondoka dirishani saa za kazi, awe na sababu au asiwe nayo, amejifukuza. "Na wale wa muda," akaongeza, akinitazama, "hao hawana hata haja ya barua."

Ilikuwa siku ya soko. Makarani walikaa wameinamisha vichwa wakiomba wakwe zao wapatwe na dharura ndogo. Karani Mkuu alikaa juu ya ubao wake, macho mlangoni, mdomo umefungwa. Na wa kwanza kupanda ngazi, na fimbo yake na kofia yake, alikuwa baba mkwe wangu.

Nilisikia kikohozi nyuma yangu. Neno halikufuata.

Mzee aliniona, akafanya alivyozoea: akajibanza ukutani karibu na mlango, uso pembeni, akasubiri nikanywe chai. Ningekaa hivyo na yeye angekaa hivyo mpaka jioni, na pengine yangepita. Lakini mkaguzi alitaka kuonyesha jinsi mteja anavyohudumiwa. Akamwendea mzee, akamshika kiwiko, akamleta mpaka dirishani kwangu, hatua kwa hatua, huku akitabasamu.

"Endelea," akaniambia. "Mwite jina."

Nikatazama kaunta. Kila aliyekuwemo ukumbini, mteja kwa karani, alielewa, isipokuwa wawili, na wote wawili walikuwa wakubwa wangu. Nilifikiria dawa ya mume wangu. Nikafungua mdomo. Jina halikutoka. Si kwamba nilikataa. Ulimi wenyewe ulikataa.

"Hajui kusema?" mkaguzi akauliza.

Ndipo baba mkwe wangu, ambaye hakujua neno la Kiingereza, akafahamu kwamba kazi ya mkaza mwanawe inapotea. Akageuka akaipa kaunta mgongo. Akarudi kinyumenyume, akipapasa kwa fimbo, mpaka mgongo ukagusa mbao. Akapitisha kitabu chake juu ya bega, akakiweka. Kisha akakaza shingo akaliita jina lake mwenyewe, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akangojea kidogo, akajiitikia, "Ee, niko hapa!"

Jina lenyewe siliandiki. Hata leo.

Nikapiga muhuri, nikaweka pesa juu ya mbao nikarudisha mkono. Akazipapasa, akazichukua, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mkaguzi alikuwa ameduwaa. "Hii ni nini?"

Karani Mkuu alikuwa ameshashuka. "Ni usalama, bwana," akasema kwa Kiingereza chake cha kunyoosha. "Mwizi anaweza kusikia keshia akiita jina, akajifanya ndiye. Hapa mteja hujitaja mwenyewe. Na akitazama mlango, hakuna atakayemnyang'anya pesa kwa nyuma."

Mkaguzi akatafakari. Nakuapia, akatoa kalamu akaandika. Baadaye ulikuja waraka kwa matawi yote kwamba keshia asitaje jina la mteja, bali mteja ajitaje. Habari ya kugeuka mgongo waliiacha.

Nilikuwa naanza kupumua mkaguzi alipokumbuka chai. Akamwuliza Meneja ni nani hasa anayekunywa. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya hata chembe, akasema kweli kama alivyoiona: "Wote hunywa, lakini huyu mama huenda jikoni kuliko wengine."

"Huyu ninayeombwa nimthibitishe?"

"Ni mimi," Karani Mkuu akasema.

Wakamgeukia.

"Chai yote ni mimi. Nawatuma waniletee. Siwezi kujizuia."

Mzee wa kanisa la Wasabato! Mpishi aliangusha kikombe. Yule Mkatoliki wake akafanya ishara ya msalaba. Mkaguzi akamwuliza, kwa mwaka mzima? Naye akajibu kwa huzuni kubwa, "Na sukari."

Kwa nini hakueleza tu habari za wakwe? Nilimwuliza jioni ile nikiwa nalia kwa hasira. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejua kitu. "Nimwambie nini? Kwamba mama huyu hawezi kuita mteja? Atasema, basi hafai kaunta." Akachukua mwavuli wake. "Na hiyo nilisema mimi kwanza. Sitaki aniibie."

Unaibu wa meneja ulikwenda kwa mtu mwingine, kutoka Kisumu. Karani Mkuu alistaafishwa mapema kwa udhaifu wa tabia. Uvumi ulifika kanisani kabla yake, wakamshusha uzee wa kanisa na kumketisha benchi la nyuma, na hakujitetea, kwa sababu kusema hakunywa kungekuwa ni kusema alidanganya, na hilo nalo lilikuwa na benchi lake. Mwezi haukuisha akaenda Kampala kwa mwanawe. Jibu langu kutoka Nairobi lilipofika, aliyenipigania hakuwepo.

Nilimwona mara moja tena, miaka kadhaa baadaye. Benki ya serikali ilikuwa imefungua ofisi Migori, nami nilikuwa upande huo sasa, nimekabidhiwa mambo ya wafanyakazi. Ilikuwa dunia nyingine. Kwa watu binafsi mtu akikosea aliogopa. Serikalini akikosea aliundiwa kamati, na kamati ikaomba posho. Siku moja nilikuwa narudi Homa Bay kwa gari la ofisi, na hapo Uriri nikaona koti jeusi katikati ya mahindi. Nikamwambia dereva asimame.

Alikuwa amerudi kutoka Kampala, amezeeka, mguu mmoja unaburuzika. Alikuwa na vibarua wawili wakipalilia, na baadaye nilijua mmoja amethibitishwa na mwingine bado yuko kwenye majaribio. Nilimwita. Akaja ukingoni mwa barabara akitabasamu, kisha akaona maandishi kwenye mlango wa gari, jina la benki ya serikali. Tabasamu likaisha. Sijapata kuona uso wa mtu ukianguka vile.

"Kumbe walikufukuza," akasema.

"Hapana, Karani Mkuu."

"Usinifiche. Mimi nimeuliza watu Kampala, nimeuliza watu Kisumu, hakuna mtu anajua. Walikufukuza, sivyo? Kwa muda, kwa muda, halafu wakakufukuza."

"Walinithibitisha. Kwa barua. Na pensheni."

"Sasa gari hii ni ya nini?"

"Niliwaacha. Walitaka nibaki. Mimi ndiye niliyewaacha."

Aliishika ile habari polepole, maana kwa miaka yote aliyofanya kazi pale aliona benki ikiwaacha watu, wazuri kwa wabaya, naye mwenyewe wa mwisho. Hajapata kuona mtu akiiacha.

"Wewe uliacha wao," akasema.

"Ndiyo."

"Wao wakasema baki, wewe ukasema hapana."

"Nikasema hapana."

Akageukia shamba, akapiga kelele kwa Kijaluo mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Vibarua wakaacha majembe. Watu waliokuwa wanatoka sokoni na vikapu vyao wakasimama, naye akanishika mkono, mtu ambaye hajapata kunishika mkono, akaniinua mbele yao kama mshindi.

"Muone huyu mama!" akawaambia. "Benki ya Wazungu haikumuacha. Yeye aliacha benki!"

Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga akauliza, kwa huruma, kama nilikuwa mgonjwa. Akamweleza tena kuanzia mwanzo. Nililia pale barabarani mbele ya dereva wangu na sikujali, na kila aliyepita Uriri jioni ile, kwa miguu au kwa baiskeli, Karani Mkuu alimsimamisha akamwambia.